Nizwa na Mlima Wake: Wageni Wangapi, Maji ya Nani?

Kwetu Unguja mgeni wa heshima akiingia harusini au kwenye maulidi hupokewa kwa mrashi. Anakinga viganja, yanadondoka matone mawili matatu, anajipaka usoni na kwenye kanzu. Utotoni nilidhani marashi ni kitu cha dukani tu. Sikujua kwamba yako yanayotoka mlimani, katika nchi kavu ya Oman, ambako mwezi wa Aprili watu huingia mashambani alfajiri kuchuma mawaridi kabla jua halijapanda, maana jua likishapanda harufu hupungua. Wala sikujua kwamba ipo siku ningesimama ukingoni mwa shamba la namna hiyo, simu mkononi, nikiwa mmoja wa watu waliowazibia njia wachumaji.

Mlima huo ni Jabal al-Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, na mji ulio chini yake ni Nizwa, mwendo wa gari usiofika saa mbili kutoka Muscat. Mji umezungukwa na milima mitupu ya mawe, na jangwa limelala upande wa kusini. Katikati pana msitu wa mitende unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, lakini ukipanda hadi uwanda wa Sayq, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku unatafuta sweta. Kwa mtu wa Muscat au Dubai aliyechoshwa na kiyoyozi, tofauti hiyo pekee inatosha kumwasha gari. Ongeza ngome, soko la mbuzi, makorongo, vijiji vilivyoning'inia kwenye majabali na njia za miguu za zamani za punda, utaelewa kwa nini serikali ya Oman, iliyoandika katika Dira yake ya 2040 kwamba nchi haiwezi kuegemea mafuta milele, inautazama mji huu kwa matumaini makubwa.

Nilikuwa kwa ami yangu, ndugu wa baba, aliyezaliwa Unguja na kuhamia Oman akiwa kijana katika miaka ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipofungua mlango kwa Waomani wa Afrika Mashariki. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho cha ndani na Kiarabu ndicho cha mlangoni. Tumekaa majlisini, kahawa na halua mbele yetu, mara yakazuka mabishano kati yake na mwanawe anayeongoza watalii mlimani.

"Baba, mlima usipoleta kazi, vijana wote watahamia Muscat. Utabaki na nani huko juu?"

"Na maji yakiisha, mwanangu, hao wageni wako watakuja kutazama nini? Mawe?"

Tangu siku hiyo sijaacha kuyafikiria maneno yale mawili, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na haki. Kisa cha Nizwa kinawahusu pia watu wa Lushoto, wa Marsabit na wa kila mahali penye mlima wenye maji juu ya nchi yenye kiu, lakini nitabaki Nizwa, maana ndiko nilikokuona kwa macho.

Niuanze mji wenyewe, ambako hoja ya kijana ina nguvu zaidi.

Ngome ya Nizwa, yenye mnara mpana wa duara, ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'aruba, yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye watu wake waliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa miaka. Kwa hiyo msomaji wa Mombasa akipanda ngazi za mnara huu anapita mule mule zilimopita habari za mji wake. Ngazi zenyewe zina kona, milango mizito, na juu ya kila mlango pana tundu ambamo asali ya tende iliyochemshwa ilimwagwa juu ya adui. Nimemwona baba mmoja akimwonyesha mtoto wake tundu lile, mtoto akarudi nyuma hatua moja kama kwamba asali bado inatiririka. Jengo hili limetunzwa na linaingiza kiingilio. Halinywi maji ya mtu. Atakayesema watalii wameiharibu Nizwa aanze kwa kunieleza ngome hii imeharibika wapi.

Jirani na ngome uko mtaa wa kale wa al-Aqr, nyumba za udongo zilizobanana ndani ya ukuta wao. Wenyewe walihamia nyumba za saruji zenye umeme na gereji, na mtaa ukabaki ukianguka ukuta mmoja kila mvua kubwa. Watu wa nyumba za udongo wanajua kwamba nyumba isiyo na moshi wa jikoni haidumu. Waliourudisha uhai ni wenyeji, waliounganisha mitaji na kuzikarabati nyumba hizo ziwe nyumba za wageni na mikahawa. Leo unakunywa kahawa juu ya dari, unatazama kuba la msikiti na mnara wa ngome, na ukiondoka pesa inabaki kwa watu ambao babu zao walizaliwa ndani ya kuta zile. Lipo la kusikitisha: nyumba imepona, lakini hakuna mtoto anayezaliwa humo, wala bibi anayemwita jirani dirishani. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kati ya mtaa wa wageni na kifusi, sitasita.

Soko la mbuzi la Ijumaa ni habari nyingine. Linaanza asubuhi mapema. Wanunuzi wanachuchumaa au kusimama kwa kufanya duara mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake wauzaji wanazunguka na mbuzi wao wakitaja bei kwa sauti. Mnunuzi anamshika mnyama anapopita, anampapasa mgongo, anamfungua mdomo kutazama meno, anataja bei yake, muuzaji anakubali au anamvuta mbuzi aende zake. Yote hayo yanafanyika kwa kasi, na kila sekunde ina thamani. Mara hii niliona wageni wamejaa ndani ya njia ya mbuzi, mmoja amepiga goti ili apate picha nzuri ya ndevu za mzee. Mzee mwenye kumvuta dume kubwa alilazimika kusimama, na mnunuzi aliyekuwa ameinua mkono upande wa pili hakuonekana. Hakuna aliyegomba, maana watu wa Nizwa ni wapole kwa wageni. Lakini biashara ile ni ya kweli, ni mahari ya mtu, ni sadaka ya mtoto, na ilisimama kwa ajili ya picha. Hapa simlaumu mgeni peke yake. Kamba moja ya kutenganisha watazamaji na wanunuzi ingemaliza tatizo, na kamba haigharimu kitu.

Sasa tupande juu, ndiko mzozo wenyewe uliko.

Barabara ya mlimani inaanzia Birkat al-Mawz, yaani Birika la Ndizi, kijiji cha migomba na mitende chenye magofu ya udongo nyuma yake. Baada ya hapo kuna kituo cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti. Barabara ni ya lami, pana, nzuri, na anayeiona mara ya kwanza hushangaa sababu ya katazo. Sababu inaonekana wakati wa kuteremka: mteremko mkali, mrefu, na breki za gari dogo hupata moto hadi zikakataa kushika. Pembeni zimewekwa njia za dharura zenye kifusi, za kulipokea gari lililoshindwa kusimama.

Wapo wanaotaka katazo liondolewe ili familia yenye gari la kawaida nayo ione mlima wa nchi yake bila kukodi gari la mtu. Hoja yao ni ya haki, kwani mlima usigeuzwe wa matajiri. Lakini katazo hili, lililowekwa kwa ajili ya usalama, limefanya kazi ya pili ambayo nadhani haikukusudiwa: limekuwa kipimo. Linapunguza idadi ya magari, na linawapa riziki madereva wa Birkat al-Mawz wanaowapandisha wageni, akiwemo huyu mwana wa ami yangu. Yeye anayetaka mlima ufunguliwe zaidi anaishi kwa sababu haukufunguliwa kabisa. Nilimwambia hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, lakini mimi nataka wakae siku tatu, si saa tatu." Hilo lilikuwa neno la busara kuliko yote niliyosikia safari nzima, na nitalirudia.

Mlima huu haukuwa wa kutembelewa hata kidogo kwa miaka mingi. Katika vita vya 1954 hadi 1959, baina ya watu wa Imamu Ghalib bin Ali na Sultani Said bin Taimur aliyesaidiwa na Waingereza, wapiganaji wa Imamu walijichimbia juu. Ndege za Uingereza zilipiga vijiji na mifereji ya maji, na Januari 1959 kikosi maalumu cha Uingereza kikapanda usiku na mlima ukatekwa. Baadaye ukabaki chini ya jeshi, mgeni hapandi bila kibali, mpaka barabara ya lami na ruhusa ya umma vilipokuja katika miaka ya 2000. Karibu na Nizwa kipo kijiji cha Tanuf kilichobomolewa kwa mabomu wakati huo. Kuta bado zimesimama nusu nusu. Wageni wengi hushuka kwenye gari, hupiga picha wakidhani ni magofu ya kale kama yale ya Gede au Kilwa, wakaondoka. Waliokimbia pale wamo katika umri wa babu zetu. Sisemi wasipige picha, ila mwongoza watalii asiyewaeleza habari ya mahali pale amewaibia safari yao.

Juu kabisa, ukingoni mwa bonde kubwa, vimejipanga vijiji vya al-Ayn, al-Aqr (si mtaa ule wa Nizwa) na ash-Shirayjah. Chini yake mashamba ya ngazi yanashuka bondeni, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe, na udongo uliomo ndani yake ulibebwa na mikono ya watu. Mawaridi yako hapo, na jozi, na aprikoti, na komamanga zinazovunwa mwishoni mwa kiangazi. Neno komamanga lenyewe limebeba Manga ndani yake, jina walilolitumia wazee wetu wa pwani kwa nchi za Uarabuni. Safari nyingine nilikula moja iliyopasuliwa kwa mkono ukingoni mwa mfereji, punje zake nyekundu nzito, tamu na chachu kidogo, na nikafahamu kwa nini aliyeileta pwani aliona lazima aseme imetoka wapi.

Mzee mmoja alituingiza katika chumba chake cha marashi. Chumba ni kidogo, cheusi kwa masizi, na ukuta mmoja ni jiko la udongo lenye matundu. Kila tundu lina chungu. Ndani ya chungu huwekwa mawaridi, juu yake bakuli la shaba, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo kingine cha shaba chenye maji baridi. Moto ukiwaka, mvuke wa mawaridi hupanda, hugusa ubaridi wa chombo cha juu, hugeuka matone na kudondokea bakulini. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa, na hubadilishwa tena, kutwa nzima. Nilihesabu alivyoyamwaga na kuyajaza mara tatu katika muda tuliokaa. Marashi yanayopatikana si meupe kama ya viwandani. Yana rangi ya kahawia hafifu na harufu ya moshi kidogo, na lazima yakae muda mrefu yatulie kabla ya kuuzwa. Nilinunua chupa mbili. Mzee alisema zamani aliuza kwa watengeneza halua na kwa watu wa harusi, sasa nusu ya chupa zake zinanunuliwa mlangoni na wapita njia kama mimi.

Hapo ndipo hoja ya kijana inaponishika shati. Bila wapita njia, je, mzee yule angeendelea kuwasha jiko? Wanawe wana mishahara mijini. Kazi nyingi za shambani zinafanywa na vibarua kutoka Bara Hindi. Shamba la ngazi halifi kwa kiu tu. Hufa pia ukuta ukibomoka na pasiwe na mtu anayeona faida ya kuujenga upya. Kijiji cha Wadi Bani Habib, hapo hapo mlimani, ni ushahidi: nyumba za mawe tupu, na miti ya jozi na komamanga chini yake. Wenyewe walihamia ng'ambo penye barabara na umeme. Hawakufukuzwa na watalii.

Lakini ami yangu naye nimuitikie, kwa sababu yeye ana hisa ya maji.

Maji ya nchi hii yanakwenda kwa falaji, mfereji unaoyatoa chini ya mlima au kwenye chemchemi na kuyaongoza kwa mteremko mdogo sana mpaka kijijini, bila pampu. Oman ina falaji zipatazo 3,000 zinazotumika, na tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mbili ni za hapa: Falaj Daris ya Nizwa na Falaj al-Khatmayn ya Birkat al-Mawz. Mimi nilidhani ni mtaro, ami akanifundisha kwamba falaji ni sheria. Maji yakifika kijijini, kwanza ni ya kunywa, kila mtu na kila msafiri bila malipo. Kisha msikiti. Kisha kuoga na kufua, wanaume na wanawake kila upande na mahali pake. Mwisho ndiyo mashamba, na hapo kila familia ina zamu yake inayohesabiwa kwa athar, nusu saa hivi, iliyopimwa zamani kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, huandika, huuza zamu za wakfu, na fedha zake huenda kwenye kusafisha mfereji. Ami ana athar mbili za urithi. Ni saa moja ya maji kwa zamu, na kwa saa hiyo mitende yake yote inaishi.

Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo anapoona kidimbwi cha kuogelea kimejengwa kwenye ukingo wa korongo, kimejaa mpaka maji yanaonekana yamelingana na mbingu, anapata maumivu ambayo mgeni hayaoni. Hoteli kubwa za kifahari zilizofunguliwa mlimani 2014 na 2016 zimeleta ajira na jina, na mapishi yao yananunua komamanga za kijijini. Sitaki kuzibebesha lawama isiyo yao. Falaji za Oman zilianza kudhoofika kabla yake, kwa ukame na kwa visima vya pampu vilivyochimbwa kila mahali tangu miaka ya 1970. Hata joto limebadilika: watafiti waliopima hali ya hewa ya mabustani haya waliandika mwaka 2009 kwamba saa za baridi ambazo miti kama aprikoti na pichi huzihitaji ili ichanue vizuri zimekuwa zikipungua. Hoteli zikifungwa kesho, baridi haitarudi.

Hata hivyo, jambo moja halikwepeki. Mgeni hulala juu usiku ule ule wa kiangazi ambao mlima una maji kidogo zaidi, kwani joto la bondeni ndilo linalompandisha. Msimu wa kiu ya miti na msimu wa vitanda kujaa vinakutana. Hata yakipandishwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kutoka pwani hadi mita 2,000, ni umeme na fedha nyingi, na kijiji kilichokuwa kikijitosheleza kwa mteremko wa mfereji kinakuwa tegemezi wa bomba. Ndiyo maana naona kijana amekosea anaposema swali ni kazi tu, na ami amekosea akidhani dawa ni kuwazuia watu. Wageni wawili hawalingani. Aliyelala kijijini siku tatu katika nyumba ya chumba kimoja, akaoga kwa ndoo, akala wali wa mwenye nyumba na kununua chupa ya marashi, ameacha zaidi na kuchukua kidogo kuliko mia waliopanda kwa basi, wakapiga picha, wakaacha chupa tupu za plastiki kwenye ukuta wa shamba.

Mfano uko jirani. Misfat al-Abriyyin, juu ya mji wa al-Hamra, ni kijiji cha nyumba za udongo zilizojengwa juu ya majabali, na falaji yake inapita katikati ya mitende. Wenyeji waligeuza nyumba zao za zamani kuwa nyumba za wageni, na mwaka 2021 kijiji kiliingia katika orodha ya vijiji bora vya utalii ya shirika la utalii la Umoja wa Mataifa. Mlangoni lipo bango linalomwomba mgeni afunike mabega na magoti. Nimeona wageni wakilisoma, wakirudi garini kuchukua shuka. Nimeona pia wawili waliolipita na kuingia kwenye birika la maji wakiwa nusu uchi, huku wanawake wawili wa kijiji, ndoo mkononi, wakisubiri kwa mbali mpaka watoke. Wale wanawake walikosa maji yao kwa nusu saa. Kwa hesabu ya ami, hiyo ni athar moja.

Kwa upande wa kukwea na kutembea, sina mengi ya kubishia. Jabal Shams, kilele cha juu kuliko vyote Oman, mita 3,000 hivi, kina korongo la Wadi Ghul lenye kina cha karibu mita 1,000, na njia ya miguu inayopita ubavuni mwake hadi kijiji kilichohamwa cha as-Sab. Njia imewekwa alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu juu ya mawe, na anayezifuata hapotei. Wapo wanaotaka uzio wa chuma ukingoni kote. Mimi naona hapana: njia ile ilikuwa ya watu na mbuzi wao, na uzio ungemfanya mtu aliyevaa ndara ajione salama mahali pasipo salama. Lakini kwenye mabonde makavu, wadi, sikubaliani na wanaodai uhuru wa kwenda wakati wowote. Mvua hunyesha mlimani usipoiona, na maji hukukuta chini ukiwa umesimama kwenye changarawe kavu chini ya jua. Sheria ya Oman inamwadhibu dereva anayevuka wadi linalotiririka, na Aprili 2024, huko Samad al-Shan mashariki ya Nizwa, mafuriko yaliyachukua maisha ya watoto wa shule waliokuwa garini. Baada ya hapo sioni nani anaweza kusema onyo la hali ya hewa ni usumbufu kwa watalii.

Nirudi kwenye kituo cha polisi cha Birkat al-Mawz, kwa sababu naamini ufunguo uko pale. Kila gari tayari linasimama. Pendekezo langu ni kila gari la mgeni lilipe ada ndogo, na hoteli zilipe kwa idadi ya vitanda, na fedha hiyo isiende mbali: igawiwe kwa mawakili wa falaji za mlimani, kama zinavyogawiwa fedha za zamu za wakfu, kwa kusafisha mifereji na kujenga kuta za mashamba ya ngazi. Na kiwango cha maji ya kila falaji kiandikwe ubaoni hapo hapo kituoni, kila wiki, ili mgeni ajue anapanda kwenda kunywa nini. Mwaka wa ukame ada ipande na vibali vipya vya hoteli visimame.

Nilimweleza ami. Alivuta kahawa, akafikiri, akauliza, "Na mtu anayekwenda kumzuru dada yake mlimani, naye atalipa?" Mwanawe akamjibu kwamba wenyeji wasilipe. Ami akasema basi atakayesimama pale kituoni kuamua nani mwenyeji asiwe polisi, awe wakili wa falaji, maana yeye ndiye anayezijua nyumba zote. Hapo, kwa mara ya kwanza usiku ule, baba na mwana walikubaliana, wakaanza kutaja kwa majina mawakili waliobaki hai na walio na afya ya kusimama juani.